Bi Ruwaida Atafuta Gari Lisilo na Nafasi

Watu wa Garsen walilijua gari la Bi Ruwaida kuliko walivyomjua mwenyewe. Ukiulizia duka lake la dawa za mifugo, ulielekezwa kwa gari: nenda mpaka uone Probox jeupe, lile ambalo mlango wake wa nyuma umefungwa kwa kamba, duka liko hapo hapo. Ndani ya duka ungemkuta mwanamke mrefu wa Kipini, wa miaka arobaini na kitu, akipima dawa ya kupe au akibishana na mchungaji juu ya bei ya chumvi ya ng'ombe. Alikuwa ameolewa Minjila na Bwana Mansur, karani wa shule. Kila asubuhi alitoka Minjila kuja Garsen kufungua duka, kila jioni akarudi, na katikati ya safari hizo mbili gari halikuwa lake.

Lilikuwa la kila mtu. Lilibeba mikungu ya ndizi, mabati, magodoro ya maharusi, masufuria ya karamu, na ndama waliofungwa miguu, ambao walimtazama dereva kwenye kioo cha ndani njia nzima. Hakuna aliyeomba kwa ubaya. Mtu alisema tu, "Bi Ruwaida, si unapita hapo mbele?" na hapo mbele pakawa Gamba, au Idsowe, au ndani kabisa ya mashamba ambako tairi likizama halitoki bila kelele. Mara nyingine alifunga duka akakuta mtu ameshaketi kiti cha mbele, amejifunga mkanda, anamngoja. Ruwaida alivuta pumzi, akawasha gari. Aliishi hivyo kwa miaka na hakumwambia mtu kwamba amechoka.

Kisha akafa mama yake mdogo, Bi Nuriya, aliyemlea tangu utotoni. Simu ilitoka Kipini asubuhi. Marehemu alikuwa ameacha neno kwamba siku yake ikifika, Ruwaida awe miongoni mwa wanawake watakaomuosha. Ruwaida alifunga duka, akapita nyumbani Minjila kuchukua buibui na kanga. Alipotoka nje alikuta gari limejaa. Mzee mmoja alikuwa mbele na fimbo yake; nyuma walikaa wanawake wawili, magunia ya unga, na kapu la kuku.

"Bwana Mansur ametwambia unakwenda Kipini," alisema mmoja wa wale wanawake. "Pole sana kwa msiba, dada. Sisi utatuacha njiani tu."

Angefanya nini? Kumteremsha mzee wa watu siku ya msiba? Akaingia, akaendesha. Gamba walisimama kumngoja mtu wa kumpokea yule mzee, na mtu huyo hakuwa na haraka. Mbele zaidi, wanawake walimwomba aingie kidogo tu njia ya Kilelengwani kwa sababu ya unga, na huko kidogo tu gari likazama kwenye tope, ikabidi watafutwe watu wa kulisukuma. Alipofika Kipini, jeneza lilikuwa limeshatoka. Chumba cha kuoshea kilinukia udi, na sakafu ilikuwa bado majimaji.

"Tulikungoja, mwanangu," bibi mmoja alimwambia. "Tulikungoja mpaka wanaume wakasema basi."

Ruwaida alisimama mlangoni akiitazama ile sakafu ikikauka. Hakulia mbele za watu. Alirudi Minjila akiwa peke yake ndani ya gari, viti vyote vitupu, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amemuuzia Probox mfanyabiashara wa mkaa.

"Gari nitakayonunua sasa itakuwa na viti viwili," alimwambia mumewe. "Changu, na cha yule nitakayemtaka."

Mansur alicheka. "Viti viwili ni pikipiki, mama Tasnim."

"Basi nitatafuta pikipiki yenye paa."

Mansur alidhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Kila jioni Ruwaida aliketi barazani na simu yake akitazama magari madogo ya spoti, yale ya milango miwili yaliyoinama mbele kama paka anayenyatia. Mwanzoni aliyatazama kwa hasira, kama mtu anayetafuta kufuli. Lakini kadiri alivyotazama, ndivyo kitu kilivyomchezacheza kifuani. Alikuwa ameendesha magari tangu ujana wake, na hakuwahi hata mara moja kuchagua lolote. Probox lilichaguliwa na Mansur na kaka yake. Kabla ya hapo palikuwa na pikapu ya baba mkwe. Sasa aliona kwamba gari linaweza kuwa kitu ambacho mtu anakitaka tu, bila kueleza litabeba nini.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Gari hilo lingekwenda Garsen kila siku ya Mungu na Malindi mara kwa mara, kwa hiyo lisiwe mlevi wa petroli. Spea zake zipatikane Malindi au Mombasa, si kungoja meli. Liwe na gia za mkono. Bei yake itoshe akiba yake mwenyewe, maana hakutaka kuchangiwa na mtu ambaye kesho angekuja kuudai mchango wake kwa kupanda. Na lisiwe chini kiasi cha kuacha tumbo lake kwenye matuta ya barabarani. Ili ajue hayo matuta yana kimo gani, alikwenda asubuhi moja karibu na kizuizi cha polisi, akainama na kijiti cha ufagio kuyapima.

"Mama, unapima barabara?" askari mmoja alimuuliza. "Umepewa kandarasi?"

Ilipofika adhuhuri, mji mzima ulikuwa unajua kwamba Bi Ruwaida amepewa kandarasi ya barabara, na wawili walikuwa wameshapita dukani kuwaombea vijana wao kazi.

Mashauri yalimiminika. Mwuza chai wa jirani na duka alisema gari la spoti halina adabu kwa mwanamke wa makamo. Tasnim, binti yao aliyekuwa chuoni Mombasa, alimtumia picha kila jioni, na kila picha ilikuwa ya gari ambalo bei yake ingenunua mtaa. Aliyemchosha kuliko wote ni Bonaya, mfugaji Muorma mwenye mifugo yake nje ya Minjila, mteja wake wa miaka mingi na abiria wake wa miaka hiyo hiyo.

"Nunua Land Cruiser ya zamani," Bonaya alimwambia, ameegemea kaunta. "Hiyo iko na nguvu. Ng'ombe mgonjwa inaingia nyuma, tunapeleka kwa daktari."

"Ng'ombe wa nani, Bonaya?"

"Sasa mimi si ndio iko na ng'ombe? Wewe iko na ng'ombe?"

Ruwaida akaenda nyuma ya duka, akapanga upya chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Gari la kwanza waliliona Malindi, kwenye yadi ya dalali aliyeitwa Abdulnasser. Ruwaida alikwenda na mumewe. Abdulnasser, kijana aliyejipaka manukato ya kutosha watu watano, alimpita Ruwaida akamshika Mansur mkono.

"Karibu, sheikh! Leo umeamua kumfurahisha mama?"

"Anayenunua ni yeye," alisema Mansur.

"Haya, sheikh, mwambie basi kwamba injini hii haijapata kufunguliwa."

"Klachi ilibadilishwa lini?" Ruwaida aliuliza.

"Klachi iko sawa, sheikh," dalali alimjibu Mansur.

Ruwaida aliifungua boneti mwenyewe, akalizunguka gari, akapiga magoti kuangalia chini. Lilikuwa jekundu, na ekzosi yake ingetosha kupikia wali. Lilikuwa limeshushwa mpaka tairi zimejificha. Alipoomba kuliendesha, halikuweza hata kuvuka kizingiti cha lango la yadi; likakwama hapo likikwaruza saruji, na vijana wa yadi wakalinyanyua.

"Springi zimekatwa," alisema Ruwaida.

"Hivyo ndivyo inavyopendeza zaidi, sheikh," Abdulnasser alimwambia Mansur, na Mansur, Mungu amsamehe, akatikisa kichwa kana kwamba anakubali.

La pili lilikuwa Mombasa, Mazda ndogo ya kijani ya kufunua paa, nzuri hata Ruwaida akajisahau akalipapasa. Alipoketi ndani pua yake ikamwambia jambo. Akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, na kule mwisho, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, akaona mstari wa kahawia. Alipoinua zulia, harufu ikamjaa usoni. Mtu aliyekaa ukingo wa mto Tana hahitaji kuambiwa harufu hiyo. Ni ya nyumba wiki moja baada ya mafuriko, unapofungua mlango.

"Gari hii imelala majini," alisema.

"Hilo ni vumbi tu, mama," alisema mwenye gari.

"Vumbi halijipangi mstari."

Mwenye gari aliapa kwa watoto wake. Ruwaida alirudisha zulia mahali pake, akashuka. Walirudi kwa basi, magoti yamebanwa, na njia nzima Mansur alimsomea matangazo ya magari ya watu saba, yenye viti vya kukunja, kwa sauti ya upole kama anayemsomea mgonjwa.

Miezi ikapita hivyo. Gari moja lilikuwa na namba za injini zilizosuguliwa, dalili ya wizi. Jingine lilikuwa zuri, lakini mwenyewe aliposikia anayelitaka ni mwanamke, akataka kwanza azungumze na mumewe. Ruwaida akawa anapanda bodaboda kwenda dukani, vumbi mdomoni, na kila aliyekutana naye alimuuliza: gari liko wapi? Walimuuliza kwa huzuni ya kweli, kwa sababu wao pia walikuwa wanatembea kwa miguu.

Halafu likapatikana. Abdulnasser mwenyewe ndiye aliyelipata, Mtwapa, Mazda nyingine ya aina ile ile, ya kijivu. Mwenye gari alikuwa anahama nchi. Safari hii Ruwaida alikwenda peke yake. Alivuta mikanda yote, akanusa mazulia, akatazama chini. Likawa safi. Akaliendesha mpaka Kikambala na kurudi, na aliporudi uso wake ulikuwa umechangamka hata dalali akasahau kumtafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Gia ziliingia kwa vidole viwili. Usukani ulijibu kabla hujamaliza kuuliza. Walikubaliana bei. Ruwaida aliomba siku chache tu za kwenda kutoa fedha zake, na dalali akaweka mkono kifuani: gari ni lako, mama.

Siku aliyokuwa anajiandaa kwenda kulichukua, Abdulnasser akapiga simu. Gari limeshauzwa.

"Limeuzwa vipi? Si tulikubaliana?"

"Mama, usinilaumu mimi. Mzee wako alinipigia. Akaniuliza kama naweza kuwapatia ile ya watu saba. Mimi nikajua mmebadilisha nia."

Ruwaida aliiweka simu juu ya kaunta taratibu. Akamhudumia mteja aliyekuwapo, akamrudishia chenji, akafunga duka jua likiwa bado juu.

Mansur alikuwa barazani na kikombe cha kahawa. Alipomwona mkewe anaingia mapema, akajua.

"Nilikuwa nauliza tu," alisema. "Kuuliza si kununua. Wallahi si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya," alisema Ruwaida. "Katika mji huu hakuna mtu anayenifanyia jambo kwa ubaya. Ndiyo maana sijapata hata mmoja wa kugombana naye."

"Ruwaida, fikiria. Mgeni akija? Mtu akiugua usiku? Watu wametuzoea."

"Wamekuzoea wewe kuwaambia ndiyo na mimi kuendesha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Unamjua aliyewaambia wale watu wanikalie garini siku ya Bi Nuriya?"

Mansur alikiweka kikombe chini. Jambo hilo hawakuwahi kulitaja.

"Walikuwa na shida," alisema hatimaye.

"Walikuwa na shida. Na mimi nilikuwa na nini, baba Tasnim? Mimi asubuhi ile nilikuwa na nini?"

Akamweleza basi, kwa mara ya kwanza, juu ya ule mlango na ile sakafu iliyokuwa inakauka, na jinsi bibi wa watu alivyomwomba radhi yeye, kana kwamba kosa ni la walioko Kipini. Mansur alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakusema pole, neno hilo lilikuwa limeshachelewa, na alilijua. Siku kadhaa nyumba ile ilizungumza mambo ya chumvi na maji tu.

Ndipo Ruwaida alipoona tangazo jingine: Toyota Celica ya fedha, iko Kilifi, anauza mwenyewe bila dalali. Alikuwa anafunga mkoba wake kwenda kuitazama, Mansur akasimama mlangoni.

"Naomba nikusindikize. Sitafungua mdomo."

"Utaweza?"

"Nitajaribu."

Mwenye gari aliitwa Margaret, fundi cherehani wa makamo, mnene, mwenye kicheko cha karibu. Aliwatazama wote wawili, akauliza, "Anayenunua nani?"

"Mimi," alisema Ruwaida.

"Basi shika ufunguo."

Kwa miezi yote ile hakuna aliyekuwa amemwambia maneno hayo. Mansur alikwenda akaketi kwenye benchi la ushonaji, akafumba mdomo, na akakaa hivyo mpaka Margaret akaingiwa na wasiwasi.

"Huyu baba ni bubu?"

"Leo, ndiyo," alisema Ruwaida.

Margaret hakuficha kitu. Kiyoyozi hakipozi ikifika adhuhuri. Dirisha la dereva linapanda kwa kusaidiwa na kiganja. Rangi ya boneti imeliwa na chumvi ya bahari. Lakini injini ni ya kawaida, spea zake ziko kila duka, na klachi ni mpya. "Ninaiuza kwa sababu ya magoti," alisema. "Kuingia naingia. Kutoka, mpaka nimwite jirani. Na tuta, dada, utalipanda kwa mshazari kila siku ya maisha yako. Ukiwa na haraka utalia."

Ruwaida aliliendesha barabara kuu. Halikuwa lile la Mtwapa. Usukani ulikuwa mzito kidogo na kiti kilinung'unika kwenye kona. Lakini alipobadilisha gia na kulikanyaga, likamsukuma mgongo, na yeye akajikuta anacheka peke yake kama mwenda wazimu. Kasoro iliyomkera ni moja. Nyuma palikuwa na viti viwili vingine, vidogo, vya kukalia watoto wasio na miguu. Alivinunia kama vimemtukana.

"Hapo nyuma anakaa nani?" aliuliza.

"Mkoba," alisema Margaret. "Au mtu usiyempenda."

Alipiga hesabu moyoni. Angeweza kungoja mwaka mwingine akitafuta lile lisilo na nafasi kabisa, na kupanda bodaboda mwaka mwingine, na kusomewa matangazo mwaka mwingine. Akalinunua. Mansur alirudi Minjila amekunja miguu kama panzi, magoti yakigonga dashibodi kwenye kila shimo, na hakusema neno mpaka walipofika, aliposema tu kwamba linakimbia.

Mji ulilipokea gari hilo kama unavyopokea mgeni aliyekosea nyumba. Watu walikuja kulitazama, wakainama, wakacheka. Bonaya alilizunguka mara mbili na fimbo yake.

"Hii gari inaumwa? Mbona imelala?"

Lakini haikuchukua muda wakagundua vile viti vya nyuma. Mwanamke mmoja alijikunja akaingia na mtoto mchanga na beseni. Kijana mmoja aliingia kichwa kwanza na ilibidi avutwe miguu kumtoa. Ruwaida aliona yale yale yanarudi, ila sasa yanarudi kwa kujipinda, na hasira ilimpanda. Kumbe alikuwa amelinunua gari ili liwakatalie watu kwa niaba yake, na gari halina mdomo.

Jioni moja alitoka dukani akamkuta Bonaya amekunja kiti cha mbele na anasukumiza gunia la chumvi ya ng'ombe kwenye viti vya nyuma, jingine likingoja chini. Gari lilikuwa limeketi nyuma kama mbwa.

"Bonaya, toa chumvi yako."

"Iko nafasi. Angalia, inaingia vizuri."

"Nafasi ipo," alisema Ruwaida. "Mimi ndiye sitaki."

Alisema kwa sauti, na mtaa ulisikia. Mwuza chai aliacha kumimina. Bonaya alimtazama kana kwamba amemsemesha kwa lugha asiyoijua. Kisha akalivuta gunia lake, akaliweka kando ya barabara, akaketi juu yake akiangalia upande mwingine. Ruwaida aliingia garini, akaondoka. Alitarajia kujisikia mwepesi. Alijisikia vibaya mpaka Minjila, na kesho yake pia, na hasira ikazidi kwa sababu hakujua amkasirikie nani: Bonaya, au yeye mwenyewe aliyechelewa miaka yote hiyo kutamka neno fupi kiasi hicho.

Bonaya akahama duka. Akawa ananunua dawa zake kwa mwingine, upande wa pili wa barabara, na anapopita husalimia kwa kichwa tu. Wengine waliacha kuomba. Wachache walimwambia mwuza chai kwamba Bi Ruwaida ameota pembe.

Halafu zikaja mvua, na mto ukapanda, na barabara kati ya Minjila na Garsen ikawa sehemu nyingine haionekani. Celica ililazwa mahali pa juu nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, na mwenyewe akawa anavushwa na bodaboda, sketi amekunja, viatu mkononi. Kila aliyemwona alikuwa na la kusema juu ya gari la spoti na maji. Siku nyingine Ruwaida alilifunua turubai, akaketi ndani dakika chache, akatoka.

Barabara ilipokauka alilitoa, likamfikisha Garsen vizuri. Jioni akageuza ufunguo, taa zikawaka kwa unyonge, injini ikakohoa mara moja ikanyamaza. Betri ilikuwa imelegea kwa kukaa. Alijaribu tena, na tena, akapiga usukani kwa kiganja. Watu walikuwa wanatazama. Aliona aibu kumwomba yeyote, na hilo nalo likamuudhi.

Mwuza chai alikuja kwanza, akifuta mikono. Wakaja wengine wawili. Kisha ng'ambo ya barabara Bonaya akaiegemeza fimbo yake ukutani, akavuka, akaweka mabega nyuma ya gari bila kusalimia.

"Weka gia ya pili," alisema. "Tukisema achia, wewe achia."

Walisukuma. Gari lilibingirika, likapata kasi. Wakapiga kelele, Ruwaida akaachia klachi, injini ikashtuka, ikanguruma. Na hapo hakuthubutu kusimama, kwa sababu lingezimika. Alikanyaga mafuta, akawaacha wamesimama katikati ya vumbi, mikono juu, na kwenye kioo aliona Bonaya akikohoa. Aliendelea mbele ili betri ipate chaji, akapita Minjila bila kupunguza, akashika barabara ya Lamu. Mbele hapakuwa na gari. Pande zote mbili nyasi zilikuwa mbichi baada ya mafuriko. Alibadilisha gia mpaka ya mwisho, dirisha wazi, mtandio ukimpiga shavuni, na hakuwaza lolote mpaka alipoliona daraja la Gamba, akapunguza mwendo, akageuka kurudi Garsen kwa wale waliomsukuma.

Alipofika tena Garsen, Bonaya alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka la Ruwaida.

"Umetulisha vumbi," alisema.

"Ningesimama ingezima."

"Najua. Mimi nimesukuma gari nyingi." Alijikung'uta kikoi chake, akainuka. "Dawa ya kupe. Ile ya kule ng'ambo inauma ng'ombe ngozi."

Ruwaida alifungua duka upya, akampimia, injini ikiunguruma nje na petroli ikiteketea bure. Bonaya alilipa, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Nyumbani alizima injini, na kwa kujaribu tu akageuza ufunguo tena. Kimya. Akatukana, neno la Kipini ambalo hakulitumia mbele za watu. Mansur alitoka ndani, akaliangalia gari, akamwangalia yeye, akatoa simu mfukoni.

"Namjua mtu anauza betri Malindi, anaweza kuituma na basi la asubuhi," alisema. Kidole chake kilikuwa juu ya namba, lakini hakubonyeza. "Nimpigie?"

Ruwaida alikuwa amechoka, mikono inanuka dawa ya kupe, na kesho asubuhi angepanda bodaboda tena.

"Mpigie," alisema. "Mwambie ni ya Celica. Na asikuuzie nyingine yoyote."